Karafuu na mnunuzi mmoja: karne nne za ukiritimba, kutoka Ambon hadi Pemba

Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar waligoma kununua karafuu. Haukupita muda mrefu, mgomo ukavuka bahari. Chama cha Indian National Congress kiliwataka Wahindi wasiguse karafuu ya Zanzibar, na mjini Bombay kampeni hiyo iliongozwa na Vallabhbhai Patel, aliyekuja kuwa naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru miaka kumi baadaye. Kiungo kilichozoeleka katika pilau, katika tambuu na katika dawa za nyumbani kikawa bidhaa ya kususiwa. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa karafuu za Unguja na Pemba, na biashara hiyo ikaporomoka.

Kilichowasha moto huo ni sheria. Serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Zanzibar kwa jina la Sultani ilikuwa imetoa amri kwamba karafuu za wakulima zinunuliwe na chombo kimoja tu, Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, CGA. Mfanyabiashara aliyetaka kupeleka karafuu nje ilimbidi azichukue kwenye maghala ya jumuiya hiyo, kwa bei ya jumuiya hiyo.

Ukiritimba ukitajwa, wengi humfikiria muuzaji mmoja anayeshika soko na kupandisha bei apendavyo. Karafuu ina historia ndefu ya ukiritimba wa upande wa pili, wa mnunuzi mmoja anayemkabili mkulima aliyebeba gunia. Mwaka 1933 mchumi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Joan Robinson, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa makini nguvu ya mnunuzi wa aina hii. Mnunuzi asiye na mshindani hulipa chini ya kile ambacho ushindani ungemlazimisha kulipa, hununua kidogo kuliko soko lenye wanunuzi wengi lingenunua, na tofauti ya bei hubaki mikononi mwake.

Kwa zao la msimu, kama mahindi au pamba, mkulima aliyepunjwa mwaka huu anaweza kupanda kitu kingine mwaka ujao. Mkarafuu hautoi nafasi hiyo. Mche hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa mavuno ya maana, kisha mti huishi miongo mingi. Bei mbaya ya leo haiui mti leo. Humfanya mkulima asipalilie, asipande mche mpya pale mti wa zamani unapokufa, na hasara hujitokeza miaka kumi au kumi na tano baadaye, wakati waliopanga bei wameshaondoka ofisini. Ndiyo sababu historia ya zao hili inafaa kusomwa na kila anayetaka kuelewa nguvu ya soko inafanya nini.

Mashoka ya Maluku

Hadi karne ya 18 karafuu zote zilizouzwa duniani zilitoka katika visiwa vidogo vya Maluku, mashariki ya nchi ambayo leo ni Indonesia. Ternate, Tidore, Makian na visiwa jirani ndivyo vilivyokuwa asili ya mti huo. Wachina, Waarabu, Wahindi na Wareno walifika huko kwa zamu kutafuta kiungo hicho.

Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, VOC, iliundwa mwaka 1602. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imeshawanyang'anya Wareno ngome ya Ambon. Mwaka 1623 maofisa wake waliwaua wafanyabiashara wa Kiingereza kisiwani humo kwa tuhuma za njama, na Waingereza wakapoteza nafasi yao katika biashara ya Maluku. Baada ya kuwaondoa washindani, kampuni ikageukia miti yenyewe.

Mwaka 1652 ilifunga mkataba na Sultani wa Ternate. Sultani angelipwa kiasi fulani kila mwaka, na yeye angekubali mikarafuu ya himaya yake ing'olewe. Kilimo cha karafuu kingebaki Ambon na visiwa vichache vya jirani, mahali ambapo kampuni ingeweza kuhesabu kila mti. Utekelezaji ulifanywa kwa safari za kijeshi zilizoitwa hongi. Wanavijiji wa Ambon walilazimishwa kutoa mitumbwi mirefu na kupiga makasia kwa wiki nyingi, kutoka kisiwa hadi kisiwa, ili kukata miti ya watu wengine. Waliopinga, hasa wa magharibi ya kisiwa cha Seram, walipigwa vita hadi vijiji vikabaki mahame.

Wakulima walioruhusiwa kupanda waliuza kwa kampuni peke yake, kwa bei iliyopangwa na kampuni. Ulaya nako kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa muuzaji, na hivyo ilibana upande wa kununua na upande wa kuuza kwa pamoja. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliutumia mfano huu. Aliandika kwamba Waholanzi walisemekana kuchoma viungo vilivyozidi kiasi walichotarajia kuuza kwa faida waliyoitaka, na kwamba walitoa zawadi kwa watu waliokusanya maua machanga na majani ya mikarafuu katika visiwa wasivyokaa, ili miti ife.

Kitabu hicho kilipotoka, ukuta wa Waholanzi ulikuwa umeshatobolewa. Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa kinachoitwa leo Mauritius, alikuwa ametuma meli kwenda Maluku kuiba miche. Mwaka 1770 miche ya mikarafuu na mikungumanga ilifika kisiwani kwake ikiwa hai. Bei ya juu iliyolindwa kwa mashoka ndiyo iliyoufanya wizi huo uwe na thamani ya kuhatarisha maisha. Kutoka Mauritius mkarafuu ulienea hadi Réunion, ukafika Madagaska, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukapandwa Unguja. Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abri, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliuleta.

Kisiwa cha zao moja

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliona haraka mti huu ungeweza kufanya nini. Alihamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, akajipandia mashamba makubwa, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja la sivyo wanyang'anywe shamba. Kazi ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Kila gunia lililopakiwa majahazini miaka ile lilikuwa jasho la watu waliotekwa, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria visiwani humo hadi mwaka 1897.

Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hicho cha kijani ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa ikizalisha zaidi ya robo tatu ya karafuu za dunia nzima.

Mtu aliyeona mavuno kwa karibu ataelewa kwa nini bei ni jambo la kufa na kupona. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, likiwa kikonyo chenye kichwa kilichovimba, na likichelewa siku chache thamani hushuka. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi mepesi, huvuta tawi kwa ngoe, hukata vishada kwa mkono na kujaza pakacha. Kila msimu kuna watu wanaoanguka. Jioni familia nzima hukaa chini kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine. Kisha karafuu huanikwa juu ya majamvi au sakafu kwa siku kadhaa, na wingu likijikusanya kila mtu hukimbia kuanua, maana karafuu iliyolowa huota ukungu na kushushwa daraja. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Baada ya kazi yote hiyo mkulima hawezi kuila karafuu wala kuihifadhi huku watoto wanadai chakula. Lazima auze.

Kwa miongo mingi aliuza kwa mfanyabiashara wa Kihindi, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha pia. Mwenye shamba alihitaji fedha za kupalilia na kuwalipa wachumaji kabla hajavuna, akaweka shamba rehani au akauza karafuu zikiwa bado mtini kwa bei ya chini. Mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 uliposhusha bei, madeni yakawa hayalipiki na mashamba yakaanza kubadilisha mikono.

Sheria za 1934 na mgomo

CGA ilianzishwa mwaka 1927, mwanzoni kwa ajili ya mambo kama ujira wa wachumaji na mikopo kwa wakulima. Mwaka 1934 serikali ya Balozi Mkaazi wa Kiingereza ilipitisha kwa mkupuo mfululizo wa sheria. Moja ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isiuzwe kwa mtu wa jamii nyingine bila kibali. Nyingine iliipa CGA mamlaka makubwa katika biashara. Nyingine tena iliwatoza wasafirishaji wa karafuu ada kubwa ya leseni. Serikali ya India, iliyokuwa yenyewe chini ya Uingereza, ilishtuka na kumtuma ofisa wake, K.P.S. Menon, kuchunguza. Ripoti yake ilizikosoa sheria hizo kwa sababu ziliwaumiza wafanyabiashara wa Kihindi.

Serikali haikurudi nyuma. Mtaalamu wa hesabu kutoka Uingereza, B.H. Binder, aliandika ripoti mwaka 1936, na amri ya mwaka 1937 ikaifanya CGA kuwa mnunuzi pekee. Hapo ndipo mgomo ulipoanza.

Kulikuwa na haki pande zote mbili, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe na mafunzo. Madeni ya wakulima yalikuwa ya kweli, na wafanyabiashara wachache wenye mtaji walikuwa na nguvu kubwa juu ya mtu mwenye shamba la rehani. Dawa iliyochaguliwa, hata hivyo, ilikuwa kuondoa wanunuzi wengi na kuweka mmoja aliyeendeshwa na maofisa wa serikali. Mkulima ambaye jina lake lilikuwa kwenye kibao cha jumuiya hakuwa na sauti ya kutosha ndani yake. Alitolewa mikononi mwa mdai akakabidhiwa kwa karani.

Serikali iligundua pia kwamba kumbana anayeuza hakumlazimishi anayenunua. CGA ilishika kila gunia, lakini haikumshika mlaji wa Bombay. Maghala yalijaa, mapato ya ushuru yakapungua, na Mei 1938 yakafikiwa makubaliano. Wafanyabiashara walirudishiwa nafasi ya kununua na kusafirisha, kwa sharti kwamba sehemu ya shehena zao itoke CGA. Jumuiya ikabaki kuwa nguzo ya bei badala ya mlango pekee.

Kutoka eka tatu hadi ZSTC

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na maelfu ya familia zikagawiwa ardhi kwa mafungu ya eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza watu ambao wazazi na mababu zao walikuwa wachumaji tu, au watumwa, walimiliki matunda ya mikarafuu. Mwaka 1968 serikali iliunda Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, nalo likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Lile ambalo Waingereza walishindwa kulisimika mwaka 1937 lilisimikwa sasa, bila mfanyabiashara binafsi wa kugoma.

Miaka ya 1970 bei ya dunia ilikuwa nzuri mno, na karafuu iliiletea Zanzibar karibu fedha zake zote za kigeni. Fedha hizo hazikupotea zote. Elimu na matibabu ya bure, majumba ya Michenzani na televisheni ya rangi, jambo la nadra Afrika wakati ule, vyote vilisimama juu ya mikarafuu ya Pemba. Ila kwa hesabu ya mkulima, kilo moja ilimpatia sehemu ndogo tu ya kile ambacho serikali ilipata ng'ambo. Tofauti hiyo ilikuwa kodi isiyoitwa kodi, na iliwaangukia zaidi Wapemba, walioona majengo yakiinuka Unguja.

Mkulima aliyefungiwa mlango mmoja hutafuta dirisha. Usiku mashua ziliondoka fukwe za Pemba zikiwa na magunia kuelekea pwani ya Kenya, ambako wanunuzi wa Mombasa walilipa zaidi. Serikali ilijibu kwa adhabu kali na kwa doria. Kikosi cha majini cha Zanzibar hadi leo kinaitwa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Jina hilo lenyewe ni kipimo cha pengo lililokuwepo kati ya bei ya kituoni na bei ya ng'ambo ya mkondo.

Mteja anapojitosheleza

Mteja mkubwa wa miaka hiyo alikuwa Indonesia, nchi ya asili ya mkarafuu. Waindonesia huvuta kretek, sigara ya tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na viwanda vyao vilikuwa vikimeza karafuu kuliko mahali pengine popote duniani. Kwa muda mrefu waliagiza kutoka Zanzibar na Madagaska. Bei ilipopanda, serikali ya Rais Suharto ilihimiza kilimo cha karafuu Sulawesi, Maluku na kwingineko. Miche iliyopandwa miaka ya 1970 ilizaa miaka ya 1980, na Indonesia ikaacha kuagiza. Tani iliyofikia karibu dola 9,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990.

Zanzibar ilipigwa mara mbili. Bei ilianguka, na mashamba yaliyozeeka wakati wa bei ndogo ya kituoni hayakuwa na miti michanga ya kuinua uzalishaji. Kile ambacho fedha za miaka ya neema zingeweza kufanya mashambani hakikufanywa.

Indonesia nayo haikujifunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yake ilianzisha bodi ya karafuu, BPPC, ikaikabidhi kwa Tommy Suharto, mwana wa mwisho wa kiume wa rais. Bodi ilipewa haki ya kununua karafuu zote kutoka kwa wakulima na kuviuzia viwanda vya kretek kwa bei ya juu, kwa mikopo mikubwa ya benki kuu. Viwanda vilikuwa na akiba ya kutosha, vikasubiri. Bodi ikalemewa na karafuu isizoweza kuuza, na mwaka 1992 Tommy mwenyewe akapendekeza wakulima wakate sehemu ya miti yao. Wengi waliacha kuchuma, wengine wakatwaa mashoka, katika nchi ile ile ambayo VOC ilikuwa imeyatembeza karne tatu kabla. Fedha ya Indonesia ilipoporomoka, Shirika la Fedha la Kimataifa liliweka kuvunjwa kwa bodi hiyo kuwa sharti mojawapo la msaada, na mwaka 1998 ikavunjwa. Miaka michache baadaye karafuu ilipokuwa haba, bei ya dunia ilipanda tena, na walionufaika ni wale waliokuwa bado na mikarafuu iliyosimama.

Fomula ya asilimia 80

Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar chini ya Rais Ali Mohamed Shein ilichukua njia nyingine bila kuuondoa ukiritimba. Bei ya mkulima ilipandishwa kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, kilo ya daraja la kwanza ikavuka Sh 10,000, na sera ikawa kwamba mkulima apate takriban asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wakati huo huo sheria ilithibitisha kwamba ZSTC ndiyo mnunuzi pekee, doria dhidi ya magendo ziliongezwa, na miche ikagawiwa. Magunia yaliyokuwa yakivushwa usiku yalianza kuonekana vituoni mchana.

Matokeo hayo yanathibitisha hoja ambayo wakulima wa Pemba walikuwa wakiitoa kwa vitendo kwa miaka arobaini: magendo yalikuwa suala la bei kabla hayajawa suala la uhalifu. Pia yanaonyesha kwamba mnunuzi mmoja anaweza kulipa vizuri akiamua. Udhaifu uko katika hilo neno "akiamua". Panapokuwa na wanunuzi kumi, bei nzuri hulindwa na ushindani. Palipo na mmoja hulindwa na sera, na sera huandikwa na watu wenye mahitaji mengine ya fedha.

Mkulima wa Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, anayepanda mche mwaka huu atavuna kwa maana baada ya muhula mmoja au miwili ya urais. Anachohitaji kujua ni kama sehemu yake ya asilimia 80 itasalia siku bei ya London au Singapore itakaposhuka na hazina ikabanwa, ni nani nje ya shirika anayekagua bei ambayo ZSTC imeuzia ng'ambo, na kama yeye mwenyewe, kupitia jumuiya za wakulima, ana kiti mezani bei inapopangwa. Hayo ni mambo ya kuandikwa katika sheria na kutangazwa kila msimu katika kila kituo cha kununulia, kabla wachumaji hawajapanda miti.